Inchi Moja ya Mzunguko

Kwa miaka kumi na minne kazi ya Tryphena Wakio ilikuwa kukata kamba. Hakuzikata kwa kisu. Alizifunga kwenye mashine ya kuvuta, akazungusha gurudumu mpaka zikatike zenyewe, kisha akaandika daftarini zilikatikia wapi na zilikuwa zimebeba uzito gani. Kiwanda kilikuwa na wanawake arobaini na mmoja wa kusokota kamba na mmoja wa kuziharibu, na huyo mmoja ndiye peke yake aliyepewa kiti.

Kiwanda kilikuwa ndani ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Voi. Jina la shamba tutaliacha lipumzike, maana wenyewe wangali wana wakili. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda refu la bati, joto la kuokea mkate, na nyuzi nyeupe zilizoingia puani, kwenye chai na kwenye nywele za watoto waliokuwa hawajawahi kukanyaga pale. Wasokotaji walitoka kila upande: Wataita walioteremka milimani, Wakamba, na watu wa magharibi ambao reli iliwaleta ikasahau kuwarudisha. Awuor, aliyesokota karibu na mlango, alikuwa mmoja wa hao. Alipenda kusema kwamba alikuja Voi kumtembelea binamu yake mwaka wa 1952 na bado anasubiri kukaribishwa chai.

Wakio aliteremka mwaka wa 1957. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, karo ikaishia hapo. Mumewe alifanya kazi ya reli Mombasa na alionekana mwisho wa mwezi. Fundi mkuu wa shamba wakati huo alikuwa Mzungu mmoja mgonjwa wa tumbo aliyekuwa akitafuta mtu anayejua kugawanya. Wa kujumlisha walikuwa wengi, na kutoa hata karani wa stoo aliweza, tena kupita kiasi. Aliyejua kugawanya alikuwa Wakio.

Siku ya kwanza yule fundi alipiga magoti sakafuni na chaki, akaanza kumweleza kwamba uzito peke yake hausemi lolote juu ya kamba. Lazima ujue uzito huo umegawiwa eneo kubwa kiasi gani. Wakio alimsikiliza kwa heshima mpaka akachoka.

"Hilo nalijua tangu nina miaka saba," alisema. "Sisi kule juu tunabeba kuni mgongoni, ukanda unapita kwenye paji la uso. Kuni ni zile zile na kichwa ni kile kile. Ukanda ukiwa mpana unafika nyumbani. Ukiwa mwembamba kama kamba ya mbuzi, unafika nyumbani na mfereji."

Fundi aliinuka akapangusa magoti. "Vitabuni wanaita mkazo," alisema. "Ratili ngapi kwa kila inchi mraba."

"Uchungu kwa kila inchi," alisema Wakio. "Sawa."

Kazi ikawa yake. Fundi aliondoka nchini mwaka wa 1963 pamoja na tumbo lake, akaja mwingine, na mwingine tena, na Wakio akabaki kwenye kiti.

Katika kazi ya kamba kuna desturi moja ambayo lazima tuieleze, kwa kuwa hadithi yote imening'inia hapo. Siku hizo kamba haikupimwa unene. Kamba haina unene wa kuaminika. Ukiibana kwa koleo inakonda, ukiiachia inanenepa. Kwa hiyo waliizungushia utepe, kama fundi cherehani anavyompima mteja kiuno, wakasoma inchi. Kamba ya inchi moja maana yake ni kamba yenye mzunguko wa inchi moja, na ukiitazama kwa ubavu ni nene kama penseli, basi. Hivyo ndivyo wasokotaji wa kamba walivyopima tangu zamani za merikebu. Kila mtu kiwandani alilijua jambo hilo, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuliandika mahali popote.

Kila bunda lilitoka na tagi ya kadibodi. Juu iliandikwa inchi, chini ratili ambazo kamba ingebeba salama, na pembeni, kwa penseli ya wino, ile isiyofutika, herufi mbili: T.W. Wakio aliziandika kwa mkono wake baada ya kukata kipande cha bunda lile lile. Wachimbaji wa Kishushe, ambao walikuwa wakichimbua mawe ya madini kwenye nchi ambayo hata barabara ilikuwa imeikatia tamaa, hawakujua kusoma mengi, lakini herufi hizo mbili walizijua. Nyapara wao, Obadiah, alikuwa akiingia kwenye duka la Musyimi pale Voi na kuuliza, "Iko ile ya T.W.?" kama mtu anayeuliza chumvi.

Katika wachimbaji hao alikuwemo Gibson, mdogo wake Wakio, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliyeshushwa kila asubuhi ndani ya ndoo ya chuma mpaka chini ya shimo lenye kina cha futi hamsini.

Mwaka wa 1971 shamba liliamua kuhamia kilo na mita kama nchi nzima ilivyokuwa ikihamia, na makao makuu yakamtuma Bwana Alexander. Alikuwa na diploma, kalamu tatu mfukoni, na viatu ambavyo vumbi la Voi lilivitazama kwa matumaini. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya hujulikana mapema na huwekewa tahadhari. Yeye alikuwa mtu wa haraka.

Aliomba orodha ya saizi za kamba. Akapewa: inchi moja, inchi moja na nusu, inchi mbili, mpaka nne. Aliingia nayo ofisini penye feni, akafunga mlango, na kwa siku mbili hakuonekana ila wakati wa chakula. Ratili kwa inchi mraba aliigeuza kuwa nyutoni kwa milimita mraba, desimali tatu, bila kosa hata moja. Mwalimu yeyote angempa mia kwa mia. Ila alipofika kwenye eneo la kamba, alichukua ile inchi moja akaifanya unene. Akachora duara lenye upana wa inchi moja, akatafuta eneo lake, akazidisha. Kwa hesabu yake kamba nene kama penseli ingebeba salama kilo mia nane. Ukweli ulikuwa kilo themanini. Banda la kamba lilikuwa hatua sitini kutoka mlango wa ofisi yake, na hakuwa ameuvuka uwanja huo hata siku moja.

Wakio aliijua habari hiyo Jumamosi asubuhi, kutoka kwa sanduku. Masanduku ya tagi mpya yalikuwa yamewasili kutoka kwa mchapaji, tagi elfu arobaini, za karatasi nzuri. Alisoma ya kwanza akadhani ni kosa la mashine. Akasoma ya pili, kisha akatazama pembeni. T.W. ilikuwa pale, ya buluu, imechapwa. Hata mwandiko ulikuwa wake. Walikuwa wameunakili kutoka kwa tagi ya zamani.

Alisimama kwa muda na tagi mkononi. Awuor alimwambia baadaye kwamba alidhani amepata habari ya msiba.

"Wameiba mkono wangu," alisema Wakio.

"Si afadhali," alisema Awuor. "Utapumzika kuandika."

"Wameutia uongo kinywani."

"Mkono hauna kinywa, mama."

"Huu ulikuwa nacho."

Alichukua kipande cha kamba ya inchi moja, rula na utepe wake, akauvuka ule uwanja wa hatua sitini kwa niaba ya Bwana Alexander.

Alimkuta anaandika barua. Alimweleza mara moja, polepole, kwa adabu. Bwana Alexander alimsikiliza kama dereva anavyomsikiliza abiria anayemweleza njia.

"Mama, nikusaidie kidogo," alisema. "Mkazo ni nguvu kugawanya kwa eneo."

"Najua."

"Na eneo la duara ni..."

"La duara lipi? Hilo la karatasini au hili?" Akaiweka kamba juu ya barua, na rula kando yake.

Bwana Alexander alitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukutana na bidhaa ya kampuni. Milimita nane. Alipima tena, akaigeuza, akapima upande wa pili, pengine akitumaini kwamba upande ule ungekuwa umesoma zaidi.

"Hii ndiyo inchi moja?"

"Zungusha utepe."

Akazungusha. Inchi moja kamili. Feni ilizunguka juu yao mara kadhaa.

"Basi," alisema hatimaye, "mmekuwa mkiiita vibaya."

Wakio alikuwa mama wa Kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili, na kwa miaka thelathini na minne hakuwa amemtusi mtu. Aliuchukua utepe wake akaukunja mpaka hamu ikapita.

"Bwana Alexander, jina tutalizungumza baadaye. Tagi hizi zisitoke. Mkazo umeuzidisha kwa eneo ambalo halipo. Umeipa kamba mwili mara kumi ya mwili wake."

"Jedwali limeshatiwa sahihi Nairobi. Nitawaandikia. Majibu huchukua wiki tatu, nne. Na zaidi ya hayo, kuna nafasi ya usalama ndani yake. Nimegawanya kwa sita."

"Umegawanya kwa sita ukazidisha kwa kumi."

"Kamba hukatikia pabovu, mama. Ikiwa nzima haikatiki."

"Mimi nimekata nzima kila siku kwa miaka kumi na minne. Haya, tufanye hivi. Tagi yako inasema kilo mia nane. Hayo ni kama magunia tisa ya mahindi. Tuyaning'inize hapa juu ya kichwa chako kwa kamba hii, nawe uendelee na barua yako."

Bwana Alexander aliinua macho akatazama dari. Hapakuwa na gunia hata moja juu, palikuwa na feni tu, lakini alitazama, na akasogeza kiti nyuma kidogo. Wakio aliona. Mpaka mwisho wa maisha yake hakumsamehe kwa kile kiti. Kukosea hesabu ni jambo la binadamu. Lakini mwili wa mtu ulikuwa umeshajua ukweli, mkono wake bado unatafuta muhuri wa Nairobi.

"Nitaandika Nairobi," alisema Bwana Alexander.

Aliporudi bandani, Awuor hakuwa na mzaha tena. Alikuwa ameuliza watu wa stoo. Sanduku la kwanza la tagi lilikuwa limefika tangu Jumatano, na mabunda kumi na manane yalikuwa yamekwenda Voi nazo bila kupita kwenye mashine ya Wakio.

Wakio aliomba ruhusa ya siku tatu. Akaambiwa ruhusa huombwa wiki moja kabla. Akasema alikuwa hajui wiki moja kabla kwamba watakosea. Karani akamwambia hiyo si sababu iliyomo kwenye fomu.

Alivua aproni akaikunja juu ya kiti.

Musyimi alikuwa mwenye duka mnyamavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa mkonge, uzi wa kiwanda kile kile. Alimpa Wakio maji kabla ya kumpa habari.

"Obadiah amekuja juzi," alisema. "Unajua yeye huchukua inchi mbili. Safari hii akasoma tagi, akacheka. Akasema kampuni imepata dawa ya mkonge. Inchi moja sasa inabeba kuliko mbili ya zamani. Akachukua mabunda manne ya nyembamba."

"Na wewe ukamwachia?"

"Nilisita, Mama Loise. Haki ya Mungu nilisita. Nikamwambia hii mbona kama ya kuanikia nguo." Alivua miwani akaipangusa. "Kisha tukaangalia pembeni wote wawili. Nikamwonyesha mimi mwenyewe kwa kidole. T.W."

Kilichomchoma Wakio hakikuwa kwamba watu wamedanganywa, watu hudanganywa. Kilichomchoma ni kwamba wamedanganyika kwa sababu yake. Kama jina lake lingekuwa la mtu asiyeaminika, Gibson angekuwa salama.

Gari la Kishushe lilikuwa moja, lori la ranchi lililopeleka chumvi ya ng'ombe, na liliondoka Jumatatu. Jumapili alikwenda kanisani, akaimba sauti ya pili vibaya. Jumatatu alipanda juu ya magunia ya chumvi. Njia ya Kishushe siku hizo haikuwa njia, ilikuwa makubaliano kati ya dereva na mawe, na mara mbili makubaliano yalivunjika, wakashuka wote kusukuma. Alifika saa tisa alasiri, mweupe kwa chumvi na mwekundu kwa vumbi.

Penye shimo palikuwa na gogo lenye mikono miwili, watu wanne wakilizungusha, na kamba nyembamba ikipanda kutoka gizani. Ndoo ilitokeza mdomoni mwa shimo, imejaa mawe. Waliimwaga, wakaanza kuishusha tena.

"Gibson yuko wapi?" aliuliza Wakio.

"Chini," alisema Obadiah. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya afisa ambaye hakuna aliyejua alikuwa nani. "Karibu, mama. Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Msipandishe mawe mengine. Mtoeni. Na msimtoe kwa kamba hii."

Obadiah alicheka, akawatazama wenzake ili nao wapate nafasi ya kucheka. "Mama, hii kamba ni mpya. Si ya kienyeji." Akainua tagi iliyokuwa ikining'inia kwenye nguzo. "Ona. Kilo mia nane. Na kama husomi, ona hapa. T.W."

"T.W. ni mimi."

"Basi umekuja kujipinga."

"Nimekuja kujitoa humo. Ile kamba yenu ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa imefunga hema la chakula. Inchi mbili, nyeusi kwa jasho, na kwenye ncha yake bado kulikuwa na nusu ya tagi chakavu yenye herufi mbili za penseli ya wino. Wakio aliipapasa hatua kwa hatua, akaikunja hapa na pale kutafuta nyuzi zilizokufa, akasema itafaa. Watu wawili wakaifungua, hema likalala, mpishi akalalamika. Obadiah aliwaruhusu kwa sababu mwanamke mwenye hasira aliyetapakaa chumvi si jambo la kubishana nalo kabla ya chai.

Gibson alitoka shimoni akiwa na kinyongo.

"Dada, umekuja kunitoa mbele ya watu kama mtoto wa nasari?"

"Nyamaza. Kaa pale."

"Wenzangu watanicheka mwaka mzima."

"Mwaka mzima ni mrefu. Nimeupenda."

Kisha akamgeukia Obadiah. Alikuwa ameona mizani ya kupimia mawe, na pembeni nguzo tatu zilizosimamishwa zikikutana juu, na roda, kigurudumu cha kupitishia kamba, imefungwa pale zilipokutana. Aliagiza magunia matupu yajazwe mawe, kilo tisini kila moja. Hakuwaeleza mengi. Aliwaambia tu kwamba karatasi inasema magunia tisa, kasoro kidogo, tena inasema ni salama, si kwamba ndiyo mwisho. Wao wavute, na yeye atahesabu.

Gunia la kwanza liliinuka. Obadiah akapiga makofi mawili. Wakafunga la pili. Likainuka, lakini kamba ikaanza kuimba, sauti nyembamba kama ya mbu sikioni, na pale penye fundo ikawa imekonda.

"Fundo hula nusu," alisema Wakio. "Na shimoni pia mnafunga fundo. Ongezeni."

La tatu halikufika juu ya kifundo cha mguu. Kamba ilikatika kwa mlio mkavu, ncha yake ikapita juu ya kofia ya Obadiah na kuipeleka majanini, na magunia yote matatu yakarudi ardhini kwa pamoja hivi kwamba mpishi alitoka kwenye hema lililoanguka kuuliza ni nini.

Hakuna aliyeokota kofia.

Gibson alikuwa amekaa juu ya jiwe. Alikuwa akihesabu kwa vidole, polepole. "Asubuhi," alisema, "tulipandisha jiwe moja. Obadiah alilipima. Kilo mia mbili na ishirini. Nilikuwa nimesimama chini yake nalisukuma."

Dada yake alitoa kisu cha mfukoni, akaenda kwenye nguzo, akakata ile tagi. Aliikata tena katikati, akamrudishia Obadiah kipande chenye namba na kile cha herufi akakitia kifuani. "Hicho ni chako," alisema. "Hiki changu."

Alirudi kazini Alhamisi. Barua ilikuwa juu ya aproni. Ilisema ameachishwa kazi kwa utoro, na pia kwa kulivunjia kampuni heshima mbele ya wateja. Hakuna neno lililotajwa juu ya kamba. Yaelekea mwandishi aliona kamba si jambo linaloihusu kampuni ya kamba.

Miezi mitatu baadaye ulitoka waraka. Ulisema katika jedwali la mwanzo kulikuwa na kosa dogo la uchapaji, limesahihishwa kwa hisani ya Bwana Alexander, ambaye uangalifu wake ulipongezwa. Saizi sasa zingetajwa kwa milimita za unene. Tagi mpya zingechapwa zile za zamani zikiisha. Zilikuwa zimebaki elfu thelathini na moja.

Wakio aliandika barua. Hakudai kazi wala mshahara. Alidai herufi zake mbili. Alijibiwa kwa taipu kwamba herufi husika zilitolewa na mfanyakazi wakati wa saa za kazi, kwa penseli ya kampuni, na kwa hiyo ni mali ya kampuni. Aliisoma barua hiyo kwa sauti nyumbani, na binti yake Loise, aliyekuwa darasa la tano, akauliza kama na majina yao yamechukuliwa. Wakio akasema bado, lakini wayaangalie.

Jumamosi iliyofuata aliingia dukani kwa Musyimi na utepe, kipande cha rula, na penseli ya wino aliyoinunua mwenyewe, akatunza risiti. Aliketi chini akaanza na bunda la kwanza. Alizungusha utepe, akasoma, akachora mstari mzito juu ya namba ya uongo, akaandika ya kweli. Kisha akachora mstari juu ya T.W. iliyochapwa na kuandika nyingine kando yake, kwa mkono.

"Unaharibu bidhaa," alisema Musyimi.

"Nakuharibia?"

Musyimi alifikiri. Akaingia nyuma, akatoka na kiti.

Aliendelea hivyo kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka. Siku nyingine alilima, aliuza maharagwe, alimsomesha Loise. Awuor alipostaafu alikuja kukaa naye mlangoni mwa duka, akidai kwamba sasa amekaribishwa chai. Wachimbaji walinunua iliyochorwa mstari na kuacha isiyochorwa, hata ilipokuwa kamba ile ile. Mtu wa mauzo wa kampuni alikuja mara moja kulalamika. Musyimi alimwonyesha mabunda yaliyojaa vumbi upande mmoja na rafu tupu upande wa pili, akamwomba achague. Tagi za zamani ziliisha mwaka wa 1976. Mpya zilikuja na milimita, sahihi kabisa. Wateja wakamletea Wakio nazo pia azichore.

Mwaka wa 1979, Jumamosi ya Agosti, gari jeupe lilisimama nje. Bwana mmoja alishuka, mnene kiasi, viatu vya bei. Alikuwa ameacha kazi ya kampuni na kununua shamba upande wa Chala, na alikuwa akichimbisha kisima. Alisimama penye kaunta akazungumza na Musyimi kwa sauti ya chini.

"Nataka ya inchi mbili. Lakini si hizo za rafu. Nimeambiwa kuna ambazo hupimwa na mama mmoja. Zenye mstari."

Musyimi alielekeza kidevu pembeni.

Bwana Alexander aligeuka. Alimjua mara moja, ilionekana shingoni.

"Mama," alisema.

"Bwana Alexander." Wakio hakuinuka. "Nani atashuka kisimani?"

"Mafundi. Na mdogo wangu. Yeye ndiye anayesimamia."

Awuor, kule mlangoni, aliacha kunywa chai.

Wakio aliinama akavuta bunda la inchi mbili, akalaza ncha yake juu ya kaunta. Kisha akatoa utepe, lakini hakuzungusha. Aliunyoosha mbele yake.

"Shika."

Bwana Alexander alishika. Aliuzungushia kamba mara moja, akabana, akainamia karibu kwa sababu macho yake hayakuwa tena ya ofisini penye feni.

"Inchi mbili," alisema.

"Za nini?"

Ilichukua muda. Mteja mmoja aliyekuja kununua misumari alingoja bila kuelewa anangoja nini.

"Za mzunguko," alisema Bwana Alexander.

Wakio alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi. Aliipapasa kamba yote, hatua kwa hatua, na alipomaliza akarudia, maana wa kushuka kisimani hakuwa huyu aliyesimama mbele yake. Aliandika kilo mia tatu na ishirini, akaandika chini yake kwamba penye fundo ni nusu, akatia T.W. Halafu akamwambia Musyimi amtoze bei ya kawaida.

Bwana Alexander alibeba bunda mpaka mlangoni, akasimama kama mtu mwenye neno. Awuor alimpisha miguu.

"Utaandika Nairobi?" alimuuliza.